Wasomaji wamempita nahodha, wamempenda fundi: shujaa wa hadithi ni nani?

«Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Nimeandika hadithi ya maneno kama 6,000 juu ya Shee, nahodha wa mashua ya abiria inayotoka Faza kuja Lamu wakati wa kusi kali. Ubao unafumuka, mashua inazama, Shee anaogelea na kuwaokoa abiria wote 11. Kisha anamshinda tajiri aliyetaka kumnyang'anya chombo, na mwisho anaoa. Shee nimemtoa kwa ami yangu, aliyekuwa nahodha, akafa maji. Nimewapa watu 5 wasome. Wote wamesifu lugha, lakini wamesema Shee hana ladha. Wanne wamesema waliyempenda ni Kombo, mzee fundi wa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mbao za chombo kwa pamba, mwenye kurasa mbili tu. Yeye ndiye aliyeuona ubao umeoza akaupaka deheni, mafuta mazito ya kupaka chombo, na mwisho anasimama gatini anakiri mbele ya watu ingawa hakuna aliyemshuku. Nilisoma kwamba shujaa lazima awe na kasoro, nikamfanya Shee avute sigara na awe mwepesi wa hasira. Haikusaidia. Je, shujaa wa kweli hutengenezwa kwa nini? Ni lazima awe mwema? Ashinde? Afe?»

Wa alaykum salaam, mwanangu. Usivunjike moyo. Hao wasomaji wanne wamekufanyia kazi ambayo waandishi wengi humlipa mhariri aifanye: wamekuonyesha kwa kidole mahali ushujaa ulipo ndani ya hadithi yako. Upo gatini, katika zile kurasa mbili za Kombo. Wewe ulimvika Shee joho kabla hajatenda, kisha tendo lenyewe likaja kufanywa na mtu mwingine.

Nianze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Shuleni tumezoea kumwita mhusika mkuu «nguli» au «shujaa», kana kwamba yote ni mamoja. Mhusika mkuu ni habari ya nafasi: ndiye anayeonekana kurasa nyingi na matukio yanamzunguka yeye. Ushujaa ni habari ya tendo. Mtu aweza kuwamo katika kila ukurasa asiwe shujaa, na mwingine akapita mara moja tu akaondoka na hadithi nzima mkononi. Shee ni mhusika mkuu wako, hilo halina ubishi. Ila ushujaa wake unasemwa na msimulizi, na wa Kombo unaonekana.

Sasa hiyo kasoro. Ushauri ulioupata una asili ya zamani, lakini umeharibika njiani. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mtu anayefaa kuwa kiini cha tanzia, yaani mchezo wa maanguko na huzuni, asiwe mwema wa kupindukia wala mwovu, bali aangushwe na kitu alichokiita hamartia. Wengi wamelifasiri neno hilo kuwa ni doa la tabia, basi wakawa wanawapaka wahusika wao madoa: huyu mlevi, yule mkali, yule ana deni. Kitenzi kilichozaa neno hilo kilitumika hata kwa mtupa mkuki aliyekosa shabaha. Maana yake ni kosa, jambo ambalo mtu ametenda likaenda sivyo na kuzaa mengine. Sigara ya Shee haizai kitu. Iondoe uone: mashua itafumuka saa ile ile na abiria wataokolewa vile vile. Kasoro ambayo ukiitoa hakuna tukio linalotikisika ni pambo tu. Hasira zake nazo ni pambo, isipokuwa kama hasira hizo ndizo zilizomfanya amkaripie baharia aliyemwambia kwamba maji yanaingia. La Kombo ndilo kosa hasa. Aliona, akanyamaza, akapaka, na hadithi yako yote imetokana na hapo.

Uliza pia kwa nini msomaji hakumwogopea Shee. Mtu aliyekaa barazani na karatasi zako mkononi hawezi kupima nguvu. Ukiandika kwamba Shee aliogelea maili moja au maili tatu, kwake ni wino ule ule. Nguvu za mhusika hazimgharimu mwandishi chochote, na msomaji analijua hilo hata kama hawezi kulisema. Anachoweza kukipima ni uamuzi, kwa kuwa kuamua ni kazi yake ya kila siku: aseme au anyamaze, arudishe chenji iliyozidi au aitie mfukoni. Basi akili yake huwinda pale ambapo mhusika angeweza kufanya vingine. Akipaona hujiuliza, «Ningekuwa mimi?», na katika swali hilo ndimo hofu na matumaini yake hukaa. Asipopaona, anatazama tu, kama unavyomtazama mpagazi hodari akipanda ngazi na gunia.

Rudi kwenye tukio lako la bahari ukiwa na swali hilo. Chombo kinazama na Shee yumo ndani yake. Kuogelea kwake ni kujiokoa pia. Hachoki, hakosei, hakuna mkono unaomponyoka, na abiria wote 11 wanafika pwani. Umeandika mawimbi vizuri sana, naamini, lakini hakuna hata dakika moja ambapo Shee anasimama njia panda.

Kombo anasimama. Anayo njia ya kutokea, tena pana: hakuna anayemshuku, na deheni aliyoipaka imezama pamoja na chombo. Angeweza kwenda zake msikitini, akarudi nyumbani, akalala. Anaijua bei kabla ya kuilipa, kwani fundi wa kalafati huishi kwa jina lake, na akishakiri hakuna mwenye chombo atakayemwita tena. Bei hiyo anailipa yeye, hamlipishi mwingine. Na yupo anayenufaika zaidi yake, nahodha ambaye watu walikuwa tayari kumwita mzembe. Kama hili la mwisho hujaliandika wazi, liandike. Ndilo linalotofautisha kukiri kwa ajili ya watu na kukiri kwa kutaka tu kupunguza uzito wa moyo wako.

Hayo manne, njia ya kutokea, kuijua bei, kuilipa mwenyewe na kuwapo mwingine anayenufaika, lazima yawe pamoja. Likikosekana moja, unapata kitu kingine, chenye thamani yake, lakini si shujaa. Mhusika anayeteseka bila kuwa na njia ya kutokea ni wa kuhurumiwa. Anayejitosa bila kujua hatari ni jasiri wa bahati. Anayetoa kilicho cha wenzake, kama nahodha anayetupa baharini shehena ya mfanyabiashara kisha yeye akasifiwa ukarimu, humkera msomaji hata kama msomaji hajui kwa nini. Anayelipa bei kubwa kwa ajili ya nafsi yake peke yake ni mtu wa tamaa aliyevumilia.

Watu wa mwambao wetu wameyajua haya zamani sana. Mtazame Fumo Liyongo, ambaye kisa chake kilitungiwa utendi hapa hapa Lamu mwaka 1913, baada ya kusimuliwa vizazi na vizazi. Kila mtu huanza kwa kutaja ukubwa wa mwili wake na nguvu zake. Lakini muulize mtu ni kipi anachokikumbuka, atakutajia mambo matatu ambayo hayana uhusiano na misuli. La kwanza ni kikoa cha makoma, yaani karamu ya zamu ya matunda ya mkoma: wenzake walikula njama kila mmoja apande mkoma kwa zamu, ili zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu, naye akayaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. La pili ni mkate wa makapi. Alipokuwa kifungoni, mama yake alificha tupa ndani ya mkate mbaya, kwa kuwa walinzi walikuwa wakimnyang'anya Saada, kijakazi aliyempelekea chakula, kila chakula kizuri, na mkate wa makapi wakauacha upite. Liyongo akaikata minyororo huku ngoma ya gungu ikivuma nje na kuufunika mlio wa tupa.

Simama hapo kidogo. Katika mambo hayo mawili Liyongo anajiokoa mwenyewe. Tunaufurahia werevu wake, kama tunavyoufurahia wa Abunuwasi na wa Sungura. Ukipima kwa yale manne, aliye karibu zaidi na ushujaa katika kisa cha mkate ni huyo Saada, aliyebeba tupa mbele ya macho ya walinzi. Angeweza kuwaambia akapata zawadi. Akigunduliwa, atakayelipa ni yeye. Jina lake limedumu katika masimulizi mpaka leo, na si kwa bahati tu.

La tatu ndilo lililomfanya Liyongo awe Liyongo. Mwanawe mwenyewe alirubuniwa na mfalme, akaahidiwa kuozwa, akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Baba akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Yako masimulizi ambamo baba alikwisha kuhisi kwamba mtoto ametumwa, na bado akajibu. Hapo ndipo mtu asiyeweza kufumwa kwa mshale anapojiweka mkononi mwa mwanawe. Alikuwa na njia ya kutokea, kusema uongo, au kunyamaza tu. Ukitaka kujua ni kwa nini wasikilizaji wa Pate na Lamu wameshika pumzi katika sehemu hiyo miaka yote hii, ni kwa sababu kila mzazi anajiuliza angejibu nini. Kisha anachomwa usingizini, anainuka na uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutega mshale, na anafia hapo hapo kwenye goti. Mji ukakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, kwa kumdhania yu hai, mpaka mama yake akaletwa amsihi. Mtoto naye hakuambulia alichoahidiwa.

Kwa hiyo ashinde? Liyongo hakushinda. Ushindi ni habari ya matokeo, na matokeo yako mkononi mwa mwandishi, humpa amtakaye. Awe mwema? Kombo si mwema, alihatarisha roho za watu kwa kuficha ubao. Kinachohitajika ni ajue mstari uko wapi, na siku moja asimame upande wa pili wa mstari huo kwa hiari yake. Mhusika asiyeujua kabisa mstari huwezi kumfanya shujaa hata umpe tendo zuri namna gani, kwa sababu msomaji ataona limemponyoka tu.

Na kufa, hapo nakuomba ujihadhari. Kifo ndiyo bei inayotumiwa sana na waandishi wanaoanza, kwa kuwa kinaonekana kizito. Kwenye karatasi ni chepesi. Ukimuua mhusika, deni limekwisha kwa sentensi moja na msomaji hufunga kitabu. Bei ya kuishi nayo ni nzito zaidi. Kombo akifa kwa huzuni wiki ile ile, umemsamehe wewe mwandishi kabla ya watu hawajamsamehe. Kombo akibaki, kila asubuhi akapita mbele ya vyombo vilivyovutwa pwani, akasikia nyundo na patasi za wengine zikigonga na hakuna anayemwita, hapo bei inaonekana.

Hujauliza kama shujaa lazima awe kijana wa kiume mwenye misuli, lakini Shee wako umemchonga hivyo, kwa hiyo niliguse. Hapo Malindi ipo sanamu ya Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama. Mwaka 1913 Waingereza walimkamata kwa kuwahimiza watu wake wasikubali kutawaliwa na kutumikishwa, wakampeleka mbali, magharibi ya nchi, naye akatoroka akarudi kwa miguu na kuendelea na lile lile. Mtu wa kweli kama yeye ana historia ya kumshuhudia. Mhusika wa kubuni hana shahidi. Kila anacholipa lazima msomaji akione kikitoka mfukoni, la sivyo hataamini kwamba kimelipwa.

Sasa ufanye nini na maneno yako 6,000? Naona njia mbili za maana, na moja ambayo nakushauri usiifuate.

Njia ya kwanza ni kumkabidhi Kombo hadithi. Anza mashua ikiwa imevutwa pwani wakati wa bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, maana hapo una saa inayogonga yenyewe. Bamvua huja takriban kila siku 15. Maji yakipwa sana fundi hupata nafasi ya kulifikia tumbo la chombo mpaka karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, na chombo kikikosa kushuka bamvua hilo, kinasubiri jingine. Kombo anaugundua ubao ulioliwa. Kuubadilisha ni kukiweka chombo nchi kavu siku 15 nyingine bila nauli, na yeye amekwisha kula malipo ya mbele. Anatia pamba kwenye mshono, anapaka deheni ya shahamu na chokaa juu yake, na hakuna anayeona. Mweleze msomaji wako kwa sentensi mbili kwa nini hilo ni hatari: pamba ya kalafati hushikwa na mbao mbili nzima ambazo zikinywa maji huvimba na kuibana, na ubao uliooza haubani. Msomaji asiyewahi kuiona mashua ataelewa, na tangu hapo atakuwa na siri moja na Kombo. Kila abiria anayepanda atamtia baridi.

Gharama yake useme mapema. Itabidi uandike upya kama theluthi mbili ya hadithi. Tukio lako la kuogelea litapotea, kwa sababu Kombo yuko nchi kavu. Atakuwa gatini pamoja na jamaa za abiria wakilitazama tanga ambalo halitokezi. Kuandika kungoja ni kugumu kuliko kuandika mawimbi, lakini naamini utaweza, kwa kuwa kurasa zako mbili bora ndizo zilizotulia kuliko zote.

Njia ya pili ni kubaki na Shee na kumpa njia panda. Bahari ya kwenu imejaa njia panda. Kutoka Faza kuja Lamu, chombo hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, maji yakijaa. Yakipwa, hapapitiki, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Shee aweza kungoja ndani, au kuzunguka nje ya Manda na kupambana na kusi. Wengi wangelifanya hilo ndilo jaribio la ushujaa, wakamweka mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya mashua ili Shee asiweze kungoja. Mimi naona si hapo bado, kwa sababu akitoka nje anahatarisha roho za watu 11, na bei si yake peke yake. Litumie kama kosa, mshale uliokosa shabaha. Jaribio lije baadaye. Ubao umefumuka, watu wanakumba maji, na upande mmoja kuna fungu la mchanga lenye mawimbi. Akikipandisha chombo pale kitavunjika, watu watafika kwa miguu. Akiendelea kukumba, huenda akakifikisha Lamu kizima. Chombo ndicho mali yake yote, na ana deni la tajiri juu yake. Akigeuza usukani kuelekea fungu kwa mkono wake mwenyewe, msomaji atamwona analipa.

Kwa njia hii lazima umalize vingine. Ndoa ya mwisho iondoke, kwa kuwa zawadi ikija mara baada ya bei hufuta bei. Tajiri naye abadilike. Umemfanya mtu wa kuzomewa, na mhasimu wa namna hiyo humshusha shujaa, maana kumshinda mpumbavu si kazi. Mpe haki yake: alikopesha fedha halali, zimevunjikia mchangani, anazidai. Shee akimwambia, «Nitalipa,» na sote tunajua itamchukua miaka, hapo umepata mwisho.

Ile nisiyokushauri ni kuwaweka wote wawili sawa. Hadithi ya maneno 6,000 haina nafasi ya maamuzi mawili makubwa. Kila moja litakula pumzi ya jingine. Katika riwaya ningesema jaribu.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia Kombo. Nguvu ya hadithi iko kwake tayari na wasomaji wamekwisha kuithibitisha.

Kuhusu kupanga, chukua vipimo hivi kama vya fundi, vya kuanzia, si sheria. Bei ionekane angalau mara mbili kabla ya kulipwa. Mara ya kwanza ndani ya maneno 800 ya mwanzo: mwonyeshe Kombo akiheshimiwa, mwenye chombo ametoka Kizingitini kuja kumfuata yeye, na vijana wanamwachia kiti. Usieleze kwamba anaheshimiwa, mwachie kiti. Mara ya pili karibu na katikati, kwa mtu mwingine: fundi fulani aliyewahi kuharibu jina, sasa anauza maji kwa punda. Msomaji ameshaona kinachoweza kutokea, hahitaji kuambiwa. Uamuzi wenyewe uje kama neno la 4,800 au 5,000, na upunguze mwendo hapo. Toa sifa, toa tashbihi, bakisha mikono, sauti, na mtu mmoja anayemtazama. Kabla hajafumbua mdomo, mfungulie mlango kwa mara ya mwisho: mtu amwambie, «Mzee Kombo, nenda nyumbani, umechoka.» Ungamo lisizidi sentensi nne. Fundi wa miaka yote hahutubii. Ukishamaliza hapo, bakisha maneno 600 hivi ya kumwonyesha akiishi na alilolifanya, kisha nyamaza.

Pitia pia kila mahali ambapo msimulizi wako anasema «shujaa», «hodari», «asiye na mfano», ukafute. Kila sifa ya msimulizi humpokonya msomaji nafasi ya kuhukumu mwenyewe, naye hulipiza kwa kumkataa mhusika. Na angalia bahati. Bahati mbaya inayomtia mhusika matatani msomaji huikubali bila neno, lakini bahati njema inayomtoa humvunja imani. Jahazi linalotokeza ghafla kuwaokoa watu, hata kama baharini hutokea kweli, katika hadithi huonekana ni mkono wa mwandishi.

Mwisho nije kwa ami yako, ambaye nadhani ndiye sababu ya yote haya. Ulisema kwa ufupi kwamba alikufa maji. Mtu aliyempoteza mpendwa wake baharini, akimwandika, hawezi kumwacha azame tena. Atamfanya aogelee maili zote na awaokoe wote, kisha amwoze. Ndiyo maana Shee hana ladha, umemkinga na kila kitu. Mapenzi hayo hayana aibu yoyote. Lakini jiulize kwa utulivu kama unaandika hadithi, au unamwandikia marehemu wako dua na kumbukumbu. La pili ni jema, na ukitaka liandike, kwa jina lake na mambo yake ya kweli, na usiwape watu walipime. La kwanza linahitaji umwachie huyo nahodha wa karatasi awe mtu mwingine. Ukiona kila ukikaa kuandika tukio la bahari usingizi unakukimbia au machozi hayakatiki, weka kalamu na ukazungumze uso kwa uso na mtu unayemwamini, mzee wa familia au mshauri nasaha. Hadithi itangoja.

Yako mambo mengine ambayo jibu la maandishi haliyatoshi. Kurasa za deheni na kalafati zipeleke Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, umsomee fundi mashua, kisha unyamaze umsikilize anavyosahihisha. Atakupa na maneno ambayo kamusi haina. Hadithi nzima isome kwa sauti mbele ya watu watatu au wanne ambao hawakuisoma mwanzo, na usitazame karatasi tu, tazama ni wapi wanaacha kuchezea simu. Ukifikia kutaka kuichapisha, mtafute mhariri wa Kiswahili akae nayo mstari kwa mstari.

Na kabla ya mhariri, kuna watu wa nyumbani. Kisa kimetoka katika ajali ya kweli, na katika mji mdogo kama Lamu watu watamtambua nahodha hata ukimwita Shee, na watamtafuta Kombo wa kweli ni nani hata kama umembuni. Huenda yupo fundi aliye hai atakayenyooshewa kidole kwa jambo asilolitenda. Badilisha chombo, badilisha njia, badilisha mwaka. Kisha nenda kwa mjane wa ami yako au wanawe, uwasomee wao kwanza, wakati ambao nyumba imetulia. Usiwatangulizie maelezo. Wasomee mpaka mwisho, kisha ungoje waseme.